Zote Zililala

Saa moja asubuhi Mafinga. Ukungu umekalia paa la kiwanda
kama mgeni asiyejua nyumba ina mlango.
Kompyuta ya ofisi imewaka, feni yake inakohoa.
Nimechora ubao wa plaiwudi: milimita kumi na nane,
tabaka tisa, wavu wa vijumba vidogo vidogo,
kisha programu ikaniuliza, bila hata salamu:
hii ni nini?

Nikaijibu kwa neno moja. Msonobari.
Ugumu: megapaskali elfu tisa.
Nikabofya "tabaka zote", nikaenda kunywa chai.

Jibu likatoka limejipaka rangi,
buluu kingoni, nyekundu katikati:
utabonyea milimita tatu nukta saba.
Uani, Kihwele wa vipimo
alishaulaza ubao wenyewe juu ya magogo mawili,
akapanga matofali, akachutama na rula.
Kumi na moja.
Akapima tena. Kumi na moja. Akanitazama
kama anavyotazamwa mtu aliyekosea kurudisha chenji.

Nililaumu matofali. Nililaumu rula.
Usiku nikalaumu msonobari wenyewe, ulivyokua upesi.

Kesho yake nikashuka kwenye mashine ya kumenya.
Gogo linazunguka, kisu kinalivua ganda
jembamba, refu, lenye jasho,
linafunguka kama kitenge juu ya kaunta ya duka.
Atuganile yuko meza ya gundi, mwaka wa kumi na nne sasa.
"Kamwene."
"Kamwene."
Hakusimama kunifundisha, alikuwa na kazi.
Akatupa ganda la mlingoti: "Hili linalala."
La msonobari juu yake: "Hili linakatiza."
Linalala. Gundi. Linakatiza. Gundi.
Mpaka tisa zikatimia, na la juu likalala kama la chini.

"Na wewe, huko kwenye mashine yako, umeyalazaje?"

Yote yalilala.
Tisa, upande mmoja, watoto wa mkeka mmoja,
na hakuna hata mmoja aliyegeuka usiku.

Mimi niliyekulia Makete nikipasua kuni!
Nilijua shoka likifuata uzi, gogo linacheka, linafunguka;
likikatiza, ganzi inapanda mpaka begani.
Nilijua hivyo kabla sijajua a-e-i-o-u.
Kisha nikasoma, nikasoma sana,
hadi nikaweza kuandika kwamba mti
ni mgumu sawasawa pande zote.

Nikarudi juu. Safari hii polepole.
Mlingoti wa nje: elfu kumi na nne kufuata uzi,
mia saba kuukatiza, na chini ya hapo kwenda kiini.
Tatu za kuvutika, tatu za kusuguana pembeni,
tatu za kunenepa huku unapobanwa kule.
Tisa kwa mlingoti. Tisa kwa msonobari.
Halafu pembe, tabaka kwa tabaka, kwa midomo yake Atuganile:
sifuri, linalala; tisini, linakatiza;
sifuri, tisini, sifuri, kidole kikauma.
Na mshale mwekundu, ule mdogo wa kona ya kioo
ambao sikuwahi kuuuliza unaelekea wapi,
nikaugeuza ufuate ubao wa Kihwele,
maana aliulaza kwa upana, uzi wa uso sambamba na magogo,
na hakuna aliyemuuliza.

Kumi nukta sita.

Nilishuka ngazi mbilimbili na karatasi mkononi.
Atuganile akaisoma akiwa ameinua viganja, gundi isiguse.
"Nukta nne zimekwenda wapi?"
Nikasema, labda gundi.
"Jumatatu ile gundi iligoma kukauka. Si unakumbuka baridi?
Baridi umeiandika wapi?"

Kiko kijumba kimoja, chini kabisa ya orodha.
Unyevu.
Nilikuwa nimekijaza sifuri,
hapa Mafinga, mwezi wa saba,
na dirisha likitiririka maji.